Mwaka ng'ombe walipohamishwa Kondoa

Jamani, nimerudi. Wiki nzima nilikuwa Kondoa, ndiyo maana ya ukimya. Nimekuja na vumbi jekundu kwenye viatu na habari moja ya mwaka 1979.

Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Babati utaona makorongo marefu kama jeraha. Mzee aliyenipokea alinipeleka kwenye moja nyuma ya nyumba yake. Kingo zimeshikwa na matete, chini nyasi tupu. "Hapa mwanangu palikuwa mchanga, toka ng'ambo ile mpaka hii," akasema. Sikuamini.

Chanzo? Wengi tunawalaumu ng'ombe basi. Lakini wataalamu waliopima umri wa udongo wa milima ya Irangi wamekuta mmomonyoko ulianza maelfu ya miaka iliyopita. Mifugo na kilimo vilizidisha. Nyasi zikiisha mteremkoni, mvua haizami, inakimbia na mchanga. Mto unajaa, unatanuka, unafunika mashamba ya watu.

Waingereza walihangaika nayo miaka ya 1940: punguza mifugo, chimba matuta, hamisha watu. Yalikuwa mambo ya viboko na faini, kwa hiyo uhuru ulipokuja nani angeendelea kuchimba?

Mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Matuta tena, miti tena. Mifugo ikawa inakula na kukanyaga kila kinachoota. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote nje! Eneo la kilometa za mraba 1,256, mifugo kama 90,000. Hebu fikiria hiyo misururu.

Na kweli nyasi zilirudi, haraka kuliko miti iliyopandwa kwa jasho. Mchanga ukapungua, mito mingine ikajikusanya kwenye mkondo mmoja mwembamba, na watu wakalima palipokuwa mchanga.

Picha za kabla na baada zimesifiwa sana. Kwenye picha huoni maziwa yaliyokosekana nyumbani, wala samadi, wala waliochunga usiku kwa kujificha. Baba wa mwenyeji wangu aliwapeleka ng'ombe kwa ndugu tambarare. Nilimuuliza walirudi wangapi, akacheka tu.

Mimi kinachonikera ni kwamba hadithi hukatiwa hapo. Mwaka 2006 bonde la Usangu liliposemwa linakauka, wafugaji wakaondolewa, na nusu hiyo ya kwanza ndiyo iliyofuatwa. Nusu ya pili ya Kondoa ilianza mwaka 1989: ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa, wachache, bandani, na majani wakatiwe na kuletewa. Hapo nyasi za korongoni zikawa mali ya mtu, siyo mali ya mradi. Hata hivyo msaada wa Sweden ulipokwisha mwaka 1996, wapo waliorudisha mifugo malishoni kimyakimya. Siwezi kuwashangaa. Ng'ombe wa bandani anataka mtaji, na kumbeba majani si lelemama. Kazi hiyo nyumba nyingi ni ya kina mama na watoto.

Mzee ana ng'ombe mmoja, mweusi mwenye mabaka. Jioni alishuka korongoni na mundu, nami nikabebeshwa mzigo. Bega bado linauma.