Bakteria Wanagawana Ujanja, Sisi Tunagawana Vidonge

Wasee, tuambiane ukweli. Tumbo likikuuma unaingia duka la dawa, unaitisha antibaiotiki za siku mbili, bila kupimwa, kwa sababu pesa ndiyo hiyo. Zikibaki unamwachia mdogo wako. Mimi pia nimefanya hivyo. Kilichonishtua ni kisa cha Japani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wajapani walisumbuliwa sana na kuhara damu, ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye Shigella. Dawa za salfa zilisaidia kwa muda, kisha zikashindwa. Zikaja streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Lakini katikati ya miaka ya 1950 akapatikana Shigella asiyetishwa na yoyote kati ya hizo 4. Zote kwa mpigo!

Hapo hesabu ikakataa. Mabadiliko ya kubahatisha kwenye jeni huja moja moja. Kupata 4 pamoja ni kama kushinda bahati nasibu mara 4 siku moja.

Mwaka wa 1959, watafiti wa Japani, wakiwemo Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, wakatoa jibu: usugu ulikuwa unapitishwa. E. coli, yule bakteria wa kawaida wa tumboni, anagusana na Shigella na kumpa nakala ya kipande kidogo cha DNA kilichobeba usugu wote.

Kipande hicho kinakaa nje ya kromosomu. Mmarekani Joshua Lederberg alikuwa ameshavipa vitu kama hivyo jina la plasmidi mwaka wa 1952. Vile vinavyoweza kujitegemea au kujipachika ndani ya kromosomu yenyewe, François Jacob na Élie Wollman wa Paris waliviita episomu mwaka wa 1958. Tsutomu Watanabe alipoeleza kisa cha Japani kwa Kiingereza mwaka wa 1963, dunia ikaanza kusikiliza.

Sasa rudi kwa vile vidonge vyako. Ukimeza dawa usiyohitaji, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na nafasi yote, na ujanja wao wanaugawa kwa majirani, hata wa aina nyingine.

Najua kumwona daktari ni gharama, na serikali isijifanye haijui. Lakini usiniambie eti ni tumbo lako. Choo tunatumia pamoja, maji pia. Usugu wako kesho utakuwa wa mtoto wa jirani.

Wewe unaonaje?