Intaneti iliyopita katika waya wa simu

Siku hizi mtu akitaka habari za mbali, anafungua simu yake ya mkononi, na mara habari imefika. Watoto wetu wanafikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Leo tutazame namna watu wa Marekani walivyoingiza intaneti majumbani mwao, na kwa nini njia ile ya kwanza imekwisha.

Kompyuta yajua hesabu tu, na waya wa simu ulitengenezwa kuchukua sauti ya mtu. Vitu hivi viwili vingepatanaje? Mafundi walitengeneza chombo kiitwacho modemu. Kazi yake ni ya mkalimani: yageuza hesabu kuwa milio, na modemu ya upande wa pili yageuza milio kuwa hesabu tena. Basi hapakuwa na haja ya kuchimba mitaro wala kusimamisha nguzo mpya. Waya ulikuwa nyumbani tayari.

Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ilitoa modemu ya kupeleka alama 300 kwa sekunde. Lakini kampuni hiyo ilikataza watu kufunga chombo cha mwingine katika waya wake. Mwaka 1968 serikali ilivunja katazo hilo, na mafundi wengine wakapata nafasi. Mwaka 1981 ilitokea modemu ya Hayes, iliyopiga namba yenyewe kwa amri ya kompyuta. Kisha mwaka 1989 kampuni ndogo ya Brookline, jina lake The World, ilianza kumuuzia mtu ye yote njia ya kuingia intaneti kwa simu.

Tena huko Marekani simu ya karibu kwa kawaida haikulipwa kwa dakika. Mtu aliweza kukaa saa nyingi. Kampuni ya AOL ilituma diski zake kwa posta nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Desemba 1996 iliweka bei moja: dolari 19.95 kwa mwezi, hata ukikesha. Watu walijaa kama sokoni, hata wengi walipiga namba wasipate nafasi. Mwaka 2002 wateja wake wa Marekani walipita milioni 26.

Lakini nyumbani kulikuwa na manung'uniko. Kijana akiwa katika intaneti, shangazi aliyepiga simu hakuweza kuingia. Mama akiinua simu, kazi yote ilikatika. Na mwendo ulikuwa wa kinyonga. Mwaka 1998 modemu zilifika alama 56,000 kwa sekunde, zikakomea hapo. Hata kwa mwendo huo, picha moja ya megabaiti moja ilihitaji zaidi ya dakika mbili.

Ndipo zilipokuja njia nyingine. Moja ilipita katika waya wa televisheni. Nyingine, iitwayo DSL, ilipita katika waya ule ule wa simu, lakini juu ya nafasi ya sauti, na watu wakaongea bila kuizuia. Kumbe waya haukuwa dhaifu! Nafasi ya sauti ndiyo iliyokuwa nyembamba. Jambo lile lile lililoeneza intaneti ya simu upesi ndilo lililoiua.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Tarehe 30 Septemba 2025 AOL ilifunga njia yake ya simu. Wengi walishangaa kusikia kwamba ilikuwa hai bado. Lakini kwa hesabu ya serikali ya mwaka 2023, nyumba zipatazo 163,000 za Marekani zilikuwa na intaneti ya simu tu.

Kwetu Kongo waya za simu zilikuwa chache, na wengi wetu tuliijua intaneti kwanza katika simu ya mkononi. Hata hivyo jambo hili latuhusu, maana sisi pia tunavyo vijiji visivyofikiwa na mnara. Tukisifu mwendo wa waliotangulia, tugeuke pia tuulize: ni nani aliyebaki njiani?