Ndimi za Kubuni na Lafudhi za Singida

Limekuwa dai la kawaida miongoni mwa vijana wanaotunga riwaya za ulimwengu wa kubuni kwamba sanaa ya kuwazulia wahusika lugha zao na lafudhi za majimbo yao ni ya wageni. Kwamba imamu wake ni Tolkien wa Uingereza, aliyeanza kuunda lugha za viumbe wake miaka mingi kabla ya kuchapishwa visa vyao mwaka 1954 na 1955. Na kwamba sisi hatukuachiwa urithi wowote wa namna hiyo. Ithibati wanayoileta aghalabu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ambamo nchi ya angani hutuma wajumbe sita katika pande sita, na kila wanakofika, msomaji husikia Kiswahili kile kile, safi, kisicho na doa la jimbo lolote.

Kwa upande wa vitabu nakubali, lakini sababu yake haikuwa upungufu wa ubunifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukagua miswada ya vitabu vya shule, tahajia yake na msamiati wake. Insafu yataka tuseme kwamba bila Kamati hiyo mwalimu wa Singida na mwalimu wa Lamu wasingeweza kufundishia kitabu kimoja. Hata hivyo taksiri yake ni kubwa kuliko tunavyozoea kukiri, kwa kuwa kizazi kizima cha watunzi kililelewa kuamini ya kwamba lahaja ni kosa la kusahihishwa, wala si sehemu ya nafsi ya mhusika. Na yule aliyetaka kuumba ulimwengu mpya akabakiwa na uwanja mmoja tu, wa majina. Ndiyo maana Shaaban Robert akatupa Karama na waziri Majivuno, na Katama Mkangi, hata mwaka 1995, akaiita nchi yake Walenisi, jina ambalo ni sentensi nzima iliyofumbwa. Wanaosema kwamba usanifu huo ulikuwa neema tupu sina subira nao.

Mdomoni mwa fanani mambo yalikuwa mengine kabisa. Ipo ngano isimuliwayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ya mama ambaye kila arudipo huwaimbia watoto wake wimbo ili wamfungulie mlango. Zimwi hujificha kichakani, likaushika wimbo neno kwa neno, likaja kuuimba. Watoto wakakataa kufungua, kwa maana maneno ni ya mama ilhali sauti ni nzito na ya kukwaruza. Likaenda kwa mhunzi kutiwa chuma cha moto kooni, likarudi na sauti nyembamba. Msimulizi wa kisa hiki, tena mtu mmoja aliyeketi jikoni, hulazimika kuwa na sauti tatu: ya mama, ya zimwi kabla ya mhunzi, na ya zimwi baada yake, hii ya mwisho ikiwa karibu mno na ya kwanza lakini si yenyewe, na wasikilizaji waitambue tofauti hata kama watoto wa ngano hawakuitambua. Sijui kazi ngumu kuliko hiyo katika utunzi wa lafudhi. Kadhalika pwani kulikuwa na kinyume, usemi wa kuihamisha silabi ya mwisho mbele ya neno, hata nyumba ikawa mbanyu. Edward Steere aliambatisha mifano yake katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870.

Na Singida ni hazina kubwa zaidi. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni za Kibantu; Kitaturu ni ya Kiniloti; na Wahadzabe wa Munguli, Mkalama, husema lugha ya vidoko ambayo mwanaisimu Greenberg mwaka 1963 aliitia katika ukoo wa Khoisan, na Bonny Sands mwaka 1998 akaonyesha kwamba ushahidi wa nasaba hiyo hautoshi. Tofauti za matamshi hudhihiri hata katika majina: Wanyaturu wenyewe hujiita Arimi, ilhali Mjerumani von Sick mwaka 1915 aliwaandika Walimi. Ngano za Wahadzabe na jirani zao zilikusanywa na Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930. Alikuwa mfuasi wa chama cha Hitler, na hilo halifai kufichwa, lakini masimulizi ni ya wasimulizi, wala si yake. Msiba ni kwamba yalichapwa kwa Kijerumani, sauti zote zikalainishwa zikawa moja.

Wale wanaoviona vidoko kuwa milio ya wanyama, wakawapa mazimwi na mahayawani wa riwaya zao, hawastahili jibu refu: ni sauti za mama akimwita mwanawe. Ningependa mtunzi wa Singida ageuze kaida: zimwi alipe Kiswahili sanifu, fasaha, cha kitabuni, na mashujaa wake waseme kwa lafudhi za Kinyaturu, ya Wahi na ya Wirwana, kila mmoja ajulikane atokako kabla ya kutaja jina.