Umri wa ubongo baada ya tiba ya mionzi

Umri wa ubongo ni makadirio ya uchakavu wa ubongo yanayotolewa na kompyuta kutokana na picha za MRI. Katja Franke na wenzake, nchini Ujerumani, waliieleza njia hiyo mwaka 2010. Mgonjwa wa miaka 50 ambaye ubongo wake unasomeka kuwa wa miaka 58 ana pengo la miaka 8. Pengo kama hilo linaweza kuonekana baada ya tiba ya mionzi, kwa kuwa mionzi inayolenga uvimbe wa ubongo inaweza kudhuru pia tishu zenye afya, hasa mishipa midogo ya damu na hipokampasi, sehemu inayosaidia kuunda kumbukumbu. Miezi au miaka baadaye mtu anaweza kusahau, kwa mfano, kwamba amekwisha kumeza dawa. Hata hivyo, uvimbe wenyewe na upasuaji huvuruga picha, hivyo pengo hilo lisisomwe bila vipimo vya kumbukumbu.