Ghuba iliyoamua saa ya kufika Mwanza

Basi la kutoka Bukoba kwenda Mwanza hupita Muleba, likafika Kyamyorwa, kisha likashika njia ya Chato, Geita na Sengerema. Lami ya njia hiyo ilijengwa kipande kwa kipande, mkataba baada ya mkataba. Lakini kila kipande kilipokamilika, dereva alichopata ni kuwahi kufika Busisi kukaa foleni ya kivuko. Mbele yake kulikuwa na Ghuba ya Mwanza, maji ya kama kilomita 3, na ng'ambo yake Kigongo, wilayani Misungwi.

Abiria walishushwa, wakakata tiketi ya kivuko na kupanda kwa miguu, mama na mtoto mgongoni, mwingine na kuku mkononi. Basi lilipakiwa peke yake. Likitua ng'ambo, kila mtu alilikimbilia lake. Kuvuka kwenyewe kulichukua kama nusu saa. Kusubiri ndiko kulikokula muda, saa mbili na zaidi siku mbaya, hata kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya hospitali ya Bugando.

Kwa watu wa Kagera maji hayo yana uzito wake. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba na Kemondo, ikaondoka na mamia ya watu. Aliyeapa kutopanda meli tena akachagua basi, basi nalo likamrudisha majini pale Busisi.

Hatimaye ikaamuliwa kuvusha barabara juu ya ghuba: jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli, mwana wa Chato aliyekwisha kuwa Waziri wa Ujenzi, na bila shaka aliijua foleni hiyo vizuri. Kazi walipewa wakandarasi wa China, kwa fedha za serikali, zaidi ya shilingi bilioni 700.

Sehemu kubwa ya daraja ni mihimili iliyolazwa juu ya nguzo zilizopangwa ziwani. Ufundi wenyewe uko katikati, kwenye mita 520. Hapo minara mitatu mifupi imeshika nyaya, na nguzo zimeachana mita 160 ili vyombo vipite. Nyaya hizo hazibebi mzigo wote; sitaha ni nene na inajibebea sehemu kubwa, ndiyo maana minara haikuhitaji kwenda juu sana. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam ni la ukoo huohuo. Upana wa hili la Busisi ni mita 28.45.

Magufuli alifariki Machi 2021, nguzo zikiwa bado zinajengwa. Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025, likiitwa Daraja la J.P. Magufuli. Sasa gari linavuka kwa dakika chache, na abiria wa Muleba hana haja ya kushuka. Hasara imewaangukia mama lishe na wauza samaki wa Busisi na Kigongo, ambao foleni ileile ndiyo iliyokuwa ikiwaletea wateja.