Mawasiliano Kazini

Mawasiliano kazini ni upelekaji na upokeaji wa habari, amri na rai baina ya watu washirikianao katika shughuli moja, nayo hayahesabiwi kuwa yametimia mpaka aliyepelekewa awe amefahamu sawasawa kusudio la mwenziwe. Misingi yake ni maneno bayana, usikivu, adabu, na kulirudia agizo kabla ya kulitekeleza. Hatari ya kuikosa misingi hiyo ilidhihirika tarehe 27 Machi 1977: katika kiwanja cha ndege cha kisiwani Tenerife kilichogubikwa na ukungu, ndege mbili ziligongana na watu 583 wakafariki, kwa kuwa, miongoni mwa sababu nyinginezo, rubani mmoja alianza kuruka pasipo idhini, baada ya kauli zenye utata redioni. Hivyo ikawa kaida ya usafiri wa anga kwamba neno la kuruka lisitajwe ila idhini yenyewe inapotolewa au kufutwa.