Fremu ni Stoo, Kibaraza Ndiyo Ofisi: Sehemu ya Kazi Kerege

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani una watu milioni 1.1, ya mwaka 2022 ikakuta wamepita milioni 2. Ukitoka Bunju kwenda Bagamoyo huhitaji takwimu kuliona hilo. Mapinga, Kerege, Zinga: palipokuwa na mikorosho pamejengwa fremu, safu za vyumba vyenye milango ya chuma vinavyotazama lami, kodi ya miezi sita mkononi kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Kwenye ramani ya ujenzi, fremu ndiyo sehemu ya kazi. Lakini pita saa nane mchana wakati wa kaskazi, bati likiwa limeshika moto, uone nani yumo ndani. Fundi cherehani asubuhi ameketi mlangoni. Adhuhuri ameisukuma mashine hadi ukutani. Alasiri yuko chini ya mwarobaini, mteja kakalia benchi, muuza kahawa kasimama. Chumbani mmebaki vitambaa na kufuli. Kwa maneno mengine, mpangaji analipia stoo, na ofisi anaipata bure.

Wapo watakaosema huo ni ufukara tu, na mji ukikua watu wataingia ndani. Sikubaliani nao. Nyumba za mawe za Mtaa wa India, Bagamoyo, zilijengwa na watu wenye mali, na bado zina baraza za kukalia nje ya milango iliyonakshiwa. Mwenye mali alikaa hapo kwa sababu pwani biashara huanza na salamu, na salamu haipigwi kupitia dirisha.

Wasanifu wetu wamewahi kulielewa jambo hili. Beda Amuli alipolichora Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, alilifunika kwa paa la miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua, na hewa ikaachwa ipite yenyewe. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilishika njia nyingine: vizimba vikapandishwa ghorofani, mbali na miguu ya wapita njia. Wachuuzi wengi walirudi barabarani, wakaitwa wakaidi. Mimi naona walikuwa wamelisoma jengo vizuri kuliko waliolijenga.

Kerege ina tatizo lake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimeipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Sina ugomvi na hifadhi. Barabara lazima ipanuke. Ila mwenye kiwanja, kwa kutaka vyumba vingi, hujenga hadi ukingoni mwa mpaka wake, kisha kivuli, benchi na cherehani vinadondokea ndani ya hifadhi. Alama ya X nyekundu ikija, ukuta unapona na kazi inakufa. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi ingeweza kudai mita mbili tu za kivuli ndani ya kiwanja chenyewe. Kwa mwenye nyumba hiyo ni hasara ya chumba kimoja, pengine hata hicho asikipoteze.

Badala yake, fremu mpya zinakuja na vioo na alumini, kama za Mikocheni. Mpangaji akishahamia, haichukui muda kuona turubai limefungwa mbele ya kioo, na chini yake viti viwili vya plastiki.